Fundi Aliyetuliza Kompyuta ya Bwana Yangu

Wanaosema ni huzuni ya mujane, waseme. Nimeshachoka kubishana nao. Nilikuwa mu nyumba yangu hapa Nchelenge, upande wa Zambia, jua halijazama bado, sikuwa na homa, sikuwa nimelala, na yule mutu alipiga magoti mbele yangu nikimuangalia mikono. Kwa hiyo sikuletei ndoto. Nakuletea kitu kilichofika.

Bwana yangu alikuwa mwalimu wa koro, kwaya ya kanisa. Tulivuka kutoka Pweto, kwetu Kongo, tukikimbia vita, tukakaa kambini kwanza, halafu tukashuka huku kando ya ziwa Mweru, na yeye akaanza kufundisha Wakongo na Wabemba kuimba pamoja kwa sauti ine. Alikuwa na kompyuta, ile ya kusimama chini ya meza, na ndani yake alirekodi nyimbo zote za koro. Kabla ya kila wimbo unamusikia yeye mwenyewe: anakohoa, anasema, "Bass, musilale," anahesabu, ndipo wanaanza. Wakikosea, anacheka kwanza, kisha anawagombeza.

Siku moja alipanda mashua kwenda kisiwa cha Kilwa kufundisha koro ya kule. Upepo uliamka. Wengine waliokotwa. Yeye, ziwa halikumurudisha.

Kilio hakijaisha, ndugu zake wakaanza kubeba vitu. Mudogo wake, mulamu yangu Fidèle, ndiye aliyekuwa anaelekeza kwa kidole: baiskeli ile, radio ile, godoro, hata sufuria kubwa iliyopikia watu wa kilio, ikiwa bado ina ukoko. Kompyuta waliiacha. Unafikiri walinihurumia? Hapana. Waliiacha kwa sababu ilikuwa inalia.

Tatizo lilikuwa mu ile sanduku ndogo ya chuma kule nyuma, ile inayopokea umeme na kuugawia mashine yote. Kwetu Kongo mafundi wanaiita alimantasyo, hapa Zambia wanasema pawa saplai. Ndani yake kuna feni. Ile feni ilianza kwa kukwaruza kama panya mu debe, ikafika kunguruma, na kompyuta ikawa inajizima yenyewe katikati ya wimbo na kuacha harufu ya waya ulioungua. Siku ya kubeba vitu Fidèle aliiwasha, ikanguruma, ikazima pwa! Akaruka nyuma mpaka mulangoni.

"Hii iko na shetani," alisema. "Mulamu, baki nayo."

Nikabaki nayo. Nikitoka sokoni, namuweka mutoto wetu Neema mapajani, tunaiwasha, tunamusikiliza papa yake. Neema alikuwa mudogo sana papa yake alipopotea. Sauti ile ndiyo ilikuwa papa kwake. Tulikuwa tunawahi kusikia kidogo kabla haijazima. Nilijaribu kila kitu. Nilitoa vumbi na unyoya wa kuku. Nilidondosha mafuta ya cherehani pale feni inapozungukia. Nilikuwa ninaipiga ngumi ubavuni, inanyamaza, kisha inaanza tena mbaya zaidi.

Fundi wa sokoni aliniambia ukweli. "Mama, feni imekwisha, na vile vipipa vinavyoshika umeme ndani vimevimba. Siku moja itakufa, na itaua nyimbo zako zote. Lakini usiifungue mwenyewe. Hata ukiitoa ku umeme, inaweza kukupiga." Kuna zingine mu muji wa Mansa, alisema. Mansa nilikuwa sijapata bado namna ya kwenda.

Sasa sikiliza vizuri.

Ilikuwa muchana, mvula iko nanyesha kwa hasira. Umeme ulikuwa umekatika mu mutaa wote. Neema alikuwa kwa jirani. Mutu akapiga hodi. Nilifungua, nikaona mwanaume wa rika la bwana yangu, shati nyeupe, ameshika kitu kimefungwa mu kitenge.

"Jambo, mama. Kompyuta yenu iko nalia."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna mutu. Niliisikia toka kule chini, ku maji."

Aliisikia namna gani? Kompyuta ilikuwa imezimwa. Nilikuwa nimeichomoa kabisa ku ukuta kwa sababu ya radi. Lakini hilo nililifikiria baadaye. Pale mulangoni nilisikia kitu kimoja tu: Kiswahili chake. Kilikuwa cha kwetu, cha Pweto kabisa. Hapa tunaamka mu Kibemba na kulala mu Kibemba. Mutu akikuongelesha kama mama yako alivyokuwa anakuongelesha, unamupisha aingie.

"Unatoka wapi, papa?"

"Kilwa."

"Bwana yangu alipotelea njia ya kule."

"Najua," alisema. Hakusema pole.

Alipiga magoti mbele ya meza, akaanza kazi. Hakuwa na bisibisi. Alikuwa anaweka ncha ya kidole juu ya skrubu, na skrubu inazunguka, inatoka, inamuangukia mukononi. Niamini, nilisimama karibu naye kama nilivyo karibu nawe. Na shati yake ilikuwa kavu. Mutu ametembea mu mvula ile, na shati ni kavu kama imetoka kupigwa pasi!

Kwa nini sikupiga kelele? Wote wananiuliza hivyo. Wewe ungepiga? Mutu amekuja kuokoa kitu pekee ulichobakishiwa, na unaona kazi inakwenda.

Alichomoa ile pawa saplai ya zamani, akaishika mukononi. Waya zake zilikuwa zinaning'inia, hazijaungwa na kitu. Feni ikaanza kuzunguka. Ikanguruma. Yeye akaiweka sikioni, akasikiliza kama mutu anayesikiliza simu, akatabasamu.

"Huyu aliimba muzuri," alisema.

"Nani?"

"Feni, mama." Akafungua kitenge, akatoa pawa saplai mupya, akaifunga mahali pake kimya kimya.

Nilimuuliza atataka nini kwa kazi yake. Nilikuwa na samaki wakavu, nilifikiri atapokea hao. Alikataa kwa kichwa.

"Nitaenda na hii ya zamani tu."

"Chukua. Ni uchafu."

"Sema unanipa."

"Nakupa."

"Pamoja na yote iliyo ndani?"

"Pamoja na yote iliyo ndani," nikasema. Kipande cha chuma kibovu! Wewe ungesema nini?

Aliifunga mu kitenge polepole, kama unavyomufunga mutoto uliyemutoa ku maji ya kuoga, akainuka, akatoka mu mvula. Nilimufuata mpaka mulangoni ili nimupe aksanti. Alikuwa amepiga hatua kidogo tu. Mu kile kitenge feni ilikuwa bado inanguruma, na katikati ya kunguruma kule mutu alikohoa.

Ilikuwa kikohozi cha bwana yangu. Kile cha kabla ya kuhesabu.

Nilikimbia bila viatu. Ile njia inashuka moja kwa moja mpaka ziwani, haina pa kukatia. Chini kabisa kuna mama mumoja wa Kibemba anayekaanga vitumbua chini ya karatasi ya plastiki, na alikuwa pale, ameketi. Nilimuuliza aliyepita sasa hivi ameelekea wapi. "Tapali umuntu, mayo," alinijibu. Hakuna mutu, mama. Hapakuwa na mashua. Hapakuwa na kitu, ni maji tu yanapigwa na mvula. Niliita jina la bwana yangu mpaka yule mama akaja kunishika mukono.

Umeme uliporudi niliwasha kompyuta. Iliwaka bila sauti, hata ukiinamisha sikio husikii kitu. Nilifungua wimbo wa kwanza. Kimya. Halafu koro ikaanza kuimba.

Nilifungua wa pili. Nilifungua yote. Hakuna kilichokatwa, ndiyo ubaya wenyewe. Unasikia mvula ya siku ile juu ya mabati ya kanisa. Unasikia viti vinakwaruza chini. Pale alipokuwa anasema, "Bass, musilale," unasikia koro inacheka, inacheka sana, na hakuna mutu aliyesema kitu.

Hazikupita siku nyingi, Fidèle akafika na toroli.

"Mulamu, nasikia imepona. Unajua ni kitu cha kaka yangu."

Kwa muda mrefu nilikuwa nimejitayarisha kwa siku ile. Nilikuwa na maneno yangu yote, na nilikuwa tayari kwenda mpaka kwa chifu. Nikamuambia, "Beba."

Alinitazama kwa mashaka. "Shetani hayuko tena?"

"Hakuna mutu tena."

Akabeba. Sasa iko mu nyumba yake ya kuonyesha video, hapa hapa Nchelenge, karibu na stendi ya mabasi yanayokwenda Mansa, na haijaharibika hata siku moja. Watu wanajaa, wanapiga makofi. Nikipita pale navuka upande mwingine wa barabara.

Pasta aliniambia mashine zinapoteza vitu, pengine niligusa kitufe kibaya. Sawa. Lakini mu koro kuna muzee mumoja, Papa Ilunga, muimbaji wa bass, ambaye alikuwa anamuiga bwana yangu kuliko mutu yeyote. Hata ku kilio alituchekesha naye, tukalia na kucheka pamoja. Neema aliponisumbua kwamba nimuonyeshe papa alikuwa anaongea namna gani, na mimi nikafungua kinywa nikakuta hakuna kitu, nilimupeleka kwa Papa Ilunga.

"Papa, mufanyie mutoto kidogo."

Alisimama kwa furaha. Akaweka mukono kiunoni vilevile, akainua kidole vilevile. Akafungua kinywa, akakaa nacho wazi. Akajaribu tena, ikatoka sauti yake mwenyewe, ya uzee, inatetemeka. Aliketi chini.

"Mama Neema," alisema, "mbona siko namusikia?"

Tulizunguka kwa waimbaji wote, Wakongo na Wabemba. Kila mumoja anakumbuka maneno aliyosema. Sauti, hakuna anayeikumbuka. Ni kitufe gani nilichogusa mu kichwa cha Papa Ilunga? Nenda umuulize pasta.

Neema anakua. Siku hizi anawaambia watoto wenzake kwamba papa yake alikuwa bubu. Simukatazi. Nitamukataza kwa kumusikilizisha nini?

Wewe unayenisikia, mashine yako ikianza kunguruma, ipeleke kwa fundi unayemujua, ambaye unajua muke wake na mahali anapolala. Na akija asiyeitwa, asiyetaka kitu ila uchafu wako, akakuambia, "Sema unanipa," funga mulango. Acha ingurume.