Maoni ya Amisi hayakuhama

Leo nimemuzika Amisi, mwenzetu wa kuandika programu, mara ya pili.

Tumehamisha seva yetu ya Kasongo, ile tunayowekea programu na kuandikiana maoni, kwenye mashini mupya. Programu zote zimefika salama.

Mashini ya zamani tuliwaahidia wenzetu wa Kabambare. Pikipiki ilikuwa inangoja. Na kwetu, hautume kitu kichafu kwa mutu. Nikafuta yote yaliyokuwa ndani yake, ikaenda.

Kisha mjane wa Amisi akaingia.

"Shemeji, nisomee kidogo vile alikuwa anawaandikia."

Nikafungua mashini mupya. Maoni hayakuhama. Hata moja.

Akaangalia kioo cha mashini, akaniangalia.

"Na humu amenyamaza?"

Nikakaa kuwaandikia hii.

Ninyi mulioandikiana naye, kama neno lake lolote limebaki kwenye simu zenu, munitumie, nimupelekee mjane wake.

Hata lile la kuwagombeza.