Matope ya Bahari Mezani Kwetu

Mke wangu alirudi Karatu kutoka masomoni wakati sukari na sabuni zilipokuwa adimu madukani. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikiishi na mama yangu katikati ya mashamba ya ngano na mbaazi. Yeye alikuwa amesomea jiolojia Ulaya, na miezi mingi ya masomo yake aliipitisha melini, yeye na wenzake wakishusha mabomba ya chuma hadi chini kabisa baharini kuvuta matope.

Alipofungua sanduku, mama alipokea vipande vya sabuni, akavinusa na kuvikumbatia. Kisha mke wangu akaweka mezani kichupa chenye udongo mweupe.

"Na hiki ni nini?" mama akauliza.

"Matope ya baharini, mama."

"Mwanangu, umevuka maji yote hayo kutuletea matope? Subiri masika, utayachoka."

Tulicheka sana. Kisha akatueleza. Juu ya bahari huelea viumbe vidogo mno, jicho tupu halivioni. Vikifa, magamba yake huzama polepole na kulala tabaka juu ya tabaka kwa maelfu ya miaka. Vingine hupenda maji ya baridi, vingine ya joto. Ukitazama kwa hadubini ni vya aina gani vilivyolala kwenye tabaka fulani, utajua bahari ilikuwaje zama hizo.

"Na huku kwetu kulikuwaje?" mama akauliza.

"Bahari ilipopoa, mvua ya huku ilipungua. Hata maziwa yalikauka."

Mama akatazama nje, shambani. "Kumbe matope ya huko yanatujua," akasema.

Mke wangu alipangiwa kufundisha sekondari. Maabara yao ilikuwa na hadubini moja kuukuu, iliyofaa kuonyesha ngozi ya kitunguu tu. Hakulalamika. Lakini Jumapili moja jirani alitupa lifti hadi Ngorongoro, tukasimama ukingoni ukungu ukiinuka, tukaliona ziwa kule chini na magadi meupe pembeni yake. Alilitazama mpaka jirani akaanza kupiga honi.

"Chini ya ziwa lile kuna habari, mwalimu," aliniambia. Tangu uchumba aliniita hivyo. "Na mimi nimekaa tu."

"Unaitamani bahari?"

"Bahari inanitapisha. Natamani kazi yangu."

Haukupita muda mrefu, wakamwita kazini kulekule alikosoma. Mama alikuwa ameanza kushindwa kuinuka peke yake, nami ndiye mtoto wake wa pekee.

"Twende wote," mke wangu akasema.

"Nani atamwinua mama?"

Kila asubuhi tulimwinua pamoja, yeye mkono wa kulia, mimi wa kushoto. Mama mwenyewe ndiye aliyemwambia aende.

Alipoondoka, nyumba ilipoa. Darasani, nikifundisha ramani ya dunia, fimbo yangu ilikuwa inakwama kwenye rangi ya buluu mpaka wanafunzi wakaanza kucheka, nami nikajifanya nakohoa.

Mama alifariki kabla mke wangu hajapata likizo. Alipokuja, alikwenda kwanza kaburini, akang'oa magugu kwa mikono. Kisha akapika maharage ya ngwara kama mama alivyomfundisha, tukala kwa raha. Giza lilipoingia akachukua chemli aiwashe, akasimama katikati ya chumba akiangaza macho huku na huku.

"Mwalimu, kiberiti mnaweka wapi?"

Nilinyoosha kidole kwenye rafu aliyoipigilia mwenyewe tulipooana. Nadhani naye alilisikia lile "mnaweka" lake, maana aliwasha taa akiwa amenipa mgongo, akachelewa kugeuka.

Likizo ilipokwisha nilimbebea sanduku hadi kwenye basi la Arusha. Hatukuachana. Aliendelea kuja kila aliporuhusiwa, na kila nilipopata habari kwamba yuko njiani, nilianza kupaka kuta chokaa, kama mtu anayengojea mgeni.