Mama na Kanisa Lisilo na Paa

Mama alikuja Sydney kunitembelea kwa miezi mitatu tu. Mwezi wa pili mipaka ikafungwa kwa ajili ya korona, ndege za kurudi Kenya zikafutwa, naye akabaki nami mtaani kwangu, Guildford. Makanisa nayo yalifungwa. Ibada ya kwenye simu hakuipenda. Alisema mchungaji amekuwa mdogo kama dole gumba.

Nilikuwa nahudumu katika makao ya wazee, na siku zangu za mapumziko nilimtoa Mama kutembea, maana mazoezi yaliruhusiwa. Ndivyo tulivyofikia kanisa moja lisilo na paa. Liliungua zamani. Kuta za mawe zilibaki, madirisha hayana vioo, na ndani kuna nyasi, mawaridi na mabenchi mawili. Mama alijifunga kitambaa kichwani kabla ya kuingia. Kisha akaona mbwa wa mtu amelala palipokuwa na madhabahu.

"Hiki ndicho ulichonileta kuona?" akaniuliza. "Kanisa limegeuzwa shamba?"

Hakukaa. Alisimama mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa.

Bibi mmoja wa Kizungu alikuwa amepiga magoti akipalilia. Alituambia, kwa umbali uliotakiwa na sheria, kwamba alibatizwa humo. Nikamtafsiria Mama.

"Muulize kama walilia lilipoungua."

Bibi akafikiri. Akasema mama yake alilia wiki nzima, lakini yeye alikuwa msichana wa miaka kumi na minne, na alifurahi kwamba Jumapili angelala mpaka saa nne.

Nilisita kulitafsiri hilo. Mama aliposikia alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akapiga magoti upande wa pili wa tuta, akaanza kung'oa magugu bila kuombwa.

Tukawa tunaenda kila wiki. Wakati mwingine niliwaacha wawili hao na kwenda kukaa kwenye benchi, kwani kazi yao haikuhitaji mkalimani. Siku moja Mama alikuta mnavu umeota chini ya ukuta, akauchuma, akajaza mfuko. Bibi akainuka haraka.

"Mwambie hilo jani ni sumu," aliniambia. "Mwambie asile."

"Mwambie nimelila miaka sabini," Mama akajibu, akaendelea kuchuma.

Wiki iliyofuata zamu yangu ilituchelewesha. Tulimkuta bibi amesimama nje, barabarani, akitutazamia. Alipomwona Mama alishusha pumzi. Mama akaweka bakuli la mnavu uliopikwa kwa maziwa juu ya benchi, akarudi nyuma hatua kadhaa. Kama bibi aliula au aliumwaga, sijui mpaka leo. Bakuli lilirudi limeoshwa.

Ndege ilipopatikana, mwaka uliofuata, nilidhani Mama angeshangilia. Aliuliza tu kama tutapata nafasi ya kwenda bustanini kwanza.

Tulienda. Walipalilia mpaka adhuhuri kama kawaida. Nilipomweleza bibi kuhusu safari, alivua glavu. Mama akamshika mikono yote miwili, jambo ambalo hatukuwa tumemfanyia mgeni yeyote kwa muda mrefu, akamwombea kwa Kiswahili, polepole, maombi marefu yaliyotaja magoti yake, nyumba yake na wote aliowazika. Bibi hakuniomba nitafsiri. Alipoona Mama amenyamaza, aliitikia, "Amina."

Njiani, tulipovuka reli, Mama alinigeukia.

"Yule amebaki peke yake," akasema. "Uwe unapita kumwona."