Makapi ya Mama

Wakuu, siku tunamzika mama, baba aliwasha redio.

Tena si kwaya. Si habari. Aliiweka pale pasipo na stesheni yoyote, ikawa inatoa chhhhhhh tu, kama mvua kwenye bati.

Huku kwetu Thyolo msiba ukiingia, hata majirani wanazima redio zao. Sasa ndiyo mfiwa mwenyewe!

Mjomba Namakhwa, kaka yake mama, akaja mbio, kofia mkononi.

"We shemeji! Udongo wa dada yangu haujakauka, unasikiliza redio?"

"Shemeji, masikio yangu..."

"Masikio gani? Dharau tu! Kesho fungasha, urudi kwenu Phalombe!"

Akachomoa betri, akazitupa kwenye shamba la chai.

Hapo kikaumana. Kwetu mwanaume ndiye anahamia kwa mke. Mke akifa, mjomba akisema ondoka, umeondoka. Na kaburi la mkeo unaliacha.

Kumbe mzee wa watu alikuwa anatafuta usingizi tu. Kasaga mahindi mashineni miaka na miaka, mashine ikamwachia filimbi masikioni. Haikatiki. Kukiwa kimya ndiyo inazidi. Lile chhhh ndilo linaifunika.

Tangu mama afariki hakuwa amefumba jicho. Anayumba kama mlevi.

"Mjomba, anaumwa kweli," nikasema.

"Nyamaza, Pemphero. Shule umemaliza juzi, ushakuwa daktari?"



Mara mama mdogo Nasibeko akainuka jikoni. Akaingia ndani, akatoka na ungo wa mama na kifuko. Akakaa mkekani alipoketi baba, karibu na sikio lake, akaanza kupepeta.

Shaa... shaa... shaa...

Nikachungulia. Makapi matupu! Hata punje moja ya mahindi hamna.

"Mama mdogo, unapepeta nini sasa?"

"Alichokuwa anapepeta mama yako betri zikiisha."

Wakuu! Siku zote nilikuwa namtania, "Mama, hayo mahindi hayatakati tu?" Anacheka, anaendelea. Mimi najua mama anapenda kazi.

Baba akajilaza. Uso ukalegea. Halafu akasema, macho kayafumba, sauti ya usingizi:

"Mama Pemphero, pumzika basi. Mkono utakuuma."

Jikoni wanawake wakaangua kilio upya.

Nasibeko akasita. Ungo ukanyamaza. Baba akakunja uso.

Mjomba alisimama pale, kofia anaizungusha tu mkononi.

"Pepeta, Nasibeko," akasema taratibu. "Usimwamshe."

Kisha akaingia shambani, akainama kati ya michai, anatafuta betri.

Wakuu, kama kuna mtu kwenu anafanya kazi isiyoisha, usimcheke. Sogea uchungulie kwenye ungo wake.

Akiwa angali hai.