Radi, Kanga na Windows Ndani ya Mac

Kiwanda kilipouzwa, mama yangu mdogo alipunguzwa kazi. Akachukua kiinua mgongo chake akafungua kibanda cha kuchapa mtaani Mwembesongo, nami nikawa msaidizi wake. Kompyuta aliinunua kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa Mac. Hakuna aliyemwambia kwamba mji mzima unatumia Windows.

Mteja wetu mkubwa, mwalimu mmoja wa sekondari, akaleta diski yenye mitihani ya muhula. Diski iliingia, mitihani ikagoma kufunguka.

"Dada, wewe umeuziwa televisheni," alisema. "Jumatatu nisipokuta mitihani yangu, nahamia kwa wachapaji wa Kihonda."

Mama mdogo alicheka naye. Alipoondoka, akavuta boksi lililokuja na Mac, tukaanza kupekua.

Kwenye boksi mlikuwa na programu ya kutengeneza kompyuta ndani ya kompyuta. Mac inabaki Mac, ila sehemu moja ya skrini inajifanya mashine nyingine, na humo unaweka Windows. Mimi ndiye niliyejua kusoma maelekezo ya Kiingereza, basi kazi ikawa yangu.

Kuweka kulikula mchana mzima wa Jumamosi. Karibu imalizike, radi ikanguruma huko milima ya Uluguru. Mama mdogo akaja mbio, akachomoa waya ukutani, akafunika skrini kwa kanga, kama anavyofunika kioo cha nyumbani.

"Kioo kinavuta radi, hujui?"

Nikajibu najua. Mimi hata nikionewa husema ndiyo. Nilienda chooni nikakaa tu, sina haja yoyote. Nikarudi nikaanza upya.

Jumapili baada ya misa nikaendelea, macho yanawasha, shingo imekakamaa. Jioni mawingu yakashuka tena, radi ikapiga, mama mdogo huyo anakuja. Nikaweka kiganja juu ya soketi.

"Mama mdogo, usichomoe."

"Unasemaje?"

"Ukichomoa, mwalimu ndiyo keshaondoka."

"Tufe kwa ajili ya mwalimu?"

"Funika tu. Ila usichomoe."

Aliniangalia kama vile nimetukana. Kisha akatupa kanga juu ya skrini, akanifunika na mimi humohumo. Nikabaki gizani na mwanga wa kompyuta, jasho linatiririka, nabonyeza kila inaponiuliza kama niendelee. Mvua ilipiga mabati. Yeye alisimama mlangoni, mbali na waya.

"Imefika wapi?"

"Bado."

"Na sasa?"

"Bado, mama."

Mwishowe mtihani wa Jiografia ukafunguka. Kila kitu kilikuwa kizito. Unagusa herufi, unaisubiri ijitokeze. Mama mdogo akaingiza kichwa chini ya kanga, akasoma swali la kwanza kwa sauti, polepole, halafu akanishika bega, akauacha mkono hapo.

Sikuwa na nguvu za kufurahi. Nilimwomba alete karatasi za kuchapia.