Sahani ya Mama na Kaseti ya Shemeji

Wewe nimekuamini kwa mengi, basi kaa nikuambie na hili, maana watu wa Iringa wamelisimulia vibaya na watu wa Mbeya wamelisimulia vibaya zaidi. Wanasema mimi ni mama mbishi niliyekataa maendeleo. Ubishi nakubali. Maendeleo sijayakataa. Nimesoma darasa la jioni miaka mitatu, nimekaa benchi moja na wanawake wanaonyonyesha, nimejifunza kuandika jina langu nikiwa tayari na watoto wanne. Mtu wa namna hiyo usimwambie anaogopa vitu vipya.

Nilichokataa ni kutupa sauti ya mama yangu.

Mama alikuwa mwimbishaji wa kwaya kule Kilolo, usharikani kwetu. Wakati mimi bado nina watoto wadogo wakaja watu na gari lenye vyombo, wakaingia kanisani, wakaziba madirisha kwa mablanketi, wakarekodi kwaya. Baada ya miezi mingi zikaletwa santuri chache, zile ndogo zenye tundu kubwa katikati. Mama akapewa moja kwa kuwa ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo. Upande wa kwanza anaimba peke yake ubeti mzima kwa Kihehe, halafu ndiyo wengine wanaingia.

Nyumbani hatujawahi kuiita santuri. Tuliiita sahani. "Weka sahani." "Futa sahani." "Nani kashika sahani na mikono ya mafuta?" Ukitaja sahani kwetu, hata mtoto anajua ni ya bibi.

Huyo mama ndiye aliyemlea binti yangu wa kwanza wakati mume wangu anaumwa, akaendelea kumlea hata tulipokwisha kumzika. Alipofika siku zake za mwisho akamshika yule mjukuu mkono, akamwambia, "Harusi yako nitaimba mimi." Binti alikuwa darasa la saba. Kwa hiyo posa ilipotoka Mbeya, na tarehe ikapangwa, mimi sikuwa na la kujiuliza. Bibi ataimba. Kuahidi kulikuwa kwake, kutimiza ni kwangu.

Sasa hapo akaingia shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Yeye alikuwa fundi wa magari kule kule Mbeya, na ndiye aliyesimama mahali pa baba wa binti. Mtu mwema, simsemi vibaya, lakini mwaka ule alikuwa amenunua redio kaseti, na akili yake yote ikawa imehamia mle ndani.

Siku hizo watu walikuwa wamegawanyika, sijui kama unakumbuka. Ukienda bombani kuchota maji unakuta wanabishana, ukitoka ibadani unakuta wanabishana. Watu wa santuri wanasema kaseti inakula mkanda wake yenyewe, kama mbuzi anayetafuna kamba aliyofungwa. Watu wa kaseti wanasema santuri ni kitu cha kulindwa, paka akiruka mezani na wimbo unaruka naye. Mimi nilihesabiwa upande wa santuri bila kuulizwa.

Shemeji akaja Iringa kwa mipango ya harusi, redio kaseti begani.

"Shemeji," akaniambia, "hiyo sahani yako imepitwa. Sindano zake madukani hakuna. Inavunjika. Ukiisahau juani inapinda inakuwa bakuli. Lakini hii," akaipigapiga kaseti kiganjani, "unaweka mfukoni, unapanda nayo basi, unaimbisha kwaya nzima hata uko shambani unapalilia."

"Betri zikichoka?"

"Unabadilisha."

"Na mkanda ukichoka?"

"Shemeji, una maswali ya kisomo wewe."

"Ndiyo. Nilikwenda kujifunza kuuliza."

Akacheka. Akaweka redio kaseti yake mbele ya spika ya gramafoni yangu, akatuambia tusikohoe, nikapiga sahani. Akaurekodi wimbo wote, na kuku mmoja aliyepita mlangoni akipiga kelele zake. Nikasema turudie. Akasema kuku ni baraka, aachwe.

Nikaishika ile kaseti nikaigeuza. Kwa mgongoni ina vimeno viwili vidogo vya plastiki. Nikauliza ni vya nini.

"Ukivivunja hivyo, hakuna mtu anaweza kurekodi juu yake tena."

"Basi vunja."

"Tusivunje. Nataka hapo mbele baada ya wimbo nirekodi na hotuba za harusi."

Sikupenda. Lakini kaseti ilikuwa yake, nikamrudishia. Akaendelea, sasa kwa sauti ya mwanamume wa ukoo: gramafoni ibaki Iringa, kwenye basi hakuna nafasi, na sahani nayo ibaki, wakwe wasituone watu wa zamani. Kuhusu gramafoni nikakubali, ni sanduku zito. Kuhusu sahani sikumjibu kitu. Kutojibu kwangu si kukubali, anayenijua anajua.

Nikaichukua sahani nikaifunga kwa kanga, nikaiweka katikati ya nyungo mbili nilizozikutanisha uso kwa uso, nikazishona pembeni kwa ukili. Halafu nikaketi nikamwandikia barua mkwe mwenzangu, mama yake bwana harusi. Ilikuwa barua yangu ya kwanza kumwandikia mtu wa nje ya ukoo kwa mkono wangu mwenyewe, na ninaikumbuka neno kwa neno: "Nakuja na sahani ya marehemu mama yangu. Tafadhali uiandalie mahali pa kukaa." Mwalimu wangu wa jioni aliipitia akaongeza nukta moja tu. Nikaituma kifua mbele.

Tukasafiri. Nyungo nikazipakata kuanzia Iringa. Tulipofika Makambako utingo akanisogelea.

"Mama, hizo nyungo ziende juu kwenye keria."

"Hizi haziendi juu."

"Kuna mayai?"

"Kuna mama yangu."

Akanitazama, akatazama nyungo, akaenda kusumbua watu wengine. Mpaka Mbeya hakunirudia.

Mkwe mwenzangu alitupokea vizuri, Mnyakyusa mpole mwenye sauti ya taratibu. Akaniingiza sebuleni akanionyesha kabati la vioo. Rafu nzima ya katikati ilikuwa tupu, imetandikwa kitambaa cha kufuma. "Hapa ndipo pa sahani, mkwe," akasema. Nikamshukuru, nikajiambia sahani italala hapa, gramafoni yao iko chumbani, wataitoa siku yenyewe. Kuuliza sikuuliza. Mtu huendi ukweni kwa mara ya kwanza ukaanza kukagua vyombo vya watu. Yeye naye hakuniuliza sahani iko wapi. Tukaheshimiana hivyo siku mbili nzima.

Siku ya harusi, tulipotoka kanisani, watu wakakaa uani chini ya maturubai. Bibi harusi na mumewe wakawekwa mbele. Shemeji akasimama ndani ya suti, redio kaseti mezani juu ya kitambaa cheupe kama kitu cha altareni. Akabonyeza, akanyoosha mkono.

"Nyamazeni. Bibi yake bibi harusi anaimba."

Akarudi nyuma hatua moja. Watu kimya. Mkanda unazunguka, tunauona kwenye kidirisha, lakini hakuna sauti.

"Subirini," akasema shemeji, "mashine inajikusanya."

Tukasubiri. Mzee mmoja wa upande wao akauliza kwa sauti, "Bibi anavuta pumzi?" Watu wakacheka. Shemeji akaongeza sauti, akaitikisa, akaiinamia. Mwisho akaurudisha mkanda mwanzo, akabonyeza upya. Safari hii sauti ikatoka, kubwa, uani pote:

"Nyamazeni. Bibi yake bibi harusi anaimba."

Ilikuwa sauti yake. Halafu: "Subirini, mashine inajikusanya." Halafu: "Bibi anavuta pumzi?" na kile kicheko chote. Ndipo kwaya ikaingia, katikati ya wimbo, bila aliyeianzisha.

Kumbe kwa papara ya kusimama mbele za watu alikuwa amebonyeza swichi mbili kwa pamoja, ile ya kupiga na ile nyekundu ya kurekodi. Ubeti wa mama ulikuwa umefutika wote. Mahali pake pamekaa shemeji akiwatangazia watu kwamba mama anaimba.

Wageni walicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Siwalaumu, kwa asiyejua ilichekesha. Mimi nilikuwa namtazama binti yangu. Kichwa kilikuwa kimeinama chini ya shela, na mikono ameikunja mapajani kama alivyokuwa akikunja utotoni akinyimwa kitu.

Nikainuka nikamwendea mkwe mwenzangu.

"Mkwe, naomba sasa ile mashine ya sahani."

"Mashine ya sahani?"

"Ya kuipigia. Niliyokuandikia."

"Mkwe wangu, uliniandikia niandae mahali pa sahani. Nimetoa vikombe vyangu vyote kabatini. Tangu juzi nasubiri sahani siioni, nikaogopa kuulizia, nikasema labda imevunjika njiani, nisimuumize."

Nikaenda kuleta nyungo, nikakata ukili kwa meno, nikaifungua kanga mbele yake. Akaiona. Mama yule mpole alicheka akashika nguzo ya turubai.

"Kumbe sahani ya kuimba. Hiyo si unasema santuri?"

"Kwetu ni sahani."

"Na mimi nimeitandikia kitambaa. Ngoja, mkwe. Ya mzee wangu iko uvunguni, tangu waingize kaseti humu ndani hakuna aliyeigusa."

Ikaletwa, ikapanguswa vumbi, sindano ipo, betri tukazitoa kwenye redio kaseti ya shemeji mwenyewe. Lakini kile kichuma cha mviringo cha kuziba tundu kubwa la katikati kilikuwa kimepotea. Sahani ikawekwa ikaanza kuyumba huku na huku.

Shemeji akatikisa kichwa. "Nilikwambia. Vitu vya zamani, ukipata hiki unakosa kile."

Ningeweza kumjibu pale mbele ya wakwe, na jibu lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikalimeza nikaingia jikoni. Wanawake walikuwa wanamenya viazi, vile viazi vikubwa vya Mbeya. Nikaomba kimoja na kisu. Nikakata kipande cha mviringo, nikakipunguza pembeni kidogo kidogo nikikipima kwenye tundu. Nilisali kwa kifupi, kwa kuwa kiazi kilikuwa mkononi: Bwana, ni ubeti mmoja tu ninaoomba. Nikatoboa katikati kwa kijiti.

Mkwe akaja akasimama mlangoni. "Mkwe, unapika au unapiga santuri?"

"Vyote."

Kipande cha kwanza nilikitoboa pembeni, mama akatoka anayumba kama mtu aliyetoka kilabuni, watu wakaanza tena kucheka. Nikanyanyua sindano, nikarudi jikoni, nikakata cha pili. Hicho nilikipima kwa uzi. Nikakibana katikati ya sahani, nikashusha sindano, nikasimama hapo hapo, maana kama kuna mtu angecheka nilitaka anicheke usoni.

Ikakwaruza kidogo. Halafu mama akaimba.

Hakuna aliyecheka. Binti yangu akainua kichwa, akafunua shela mwenyewe kwa mikono miwili, ingawa haikuwa wakati wake wa kufunuliwa, akawa anaitazama ile gramafoni kama anatazama mtu anayeingia mlangoni. Mkwe mwenzangu hajui Kihehe. Akaninong'oneza, "Anasemaje?"

"Anamwambia Bwana amefika."

"Kweli amefika," akasema.

Wimbo ulipokwisha binti akaomba urudiwe, ukarudiwa mara tatu. Kwenye mara ya tatu kiazi kilikuwa kimeanza kulainika, nikajua kazi yake imekwisha.

Shemeji alikuja baadaye, wakati watu wanakula. "Shemeji, turekodi tena?"

"Turekodi."

Nikakata kiazi kipya, yeye akanunua betri nyingine za redio kaseti yake. Tukarekodi sebuleni, mlango umefungwa, safari hii bila kuku. Alipomaliza nikanyoosha mkono anipe kaseti. Nikachukua kile kisu cha viazi, nikavunja vile vimeno, kimoja, halafu cha pili, yeye na wakwe wakiona.

"Sasa hiyo hairekodi tena," akasema. "Na hotuba zangu?"

"Hotuba zako kazitafutie kaseti yake."

Kaseti hiyo nikamwachia binti, na sahani nikarudi nayo Iringa ndani ya nyungo zake. Wanaobishana bado wanabishana. Wananiuliza mama, si ulishinda, kipi bora? Huwa nawaambia mimi sikuwa kwenye mashindano yao. Nina sahani, nina kaseti, na ninavyo viazi shambani. Atakayeniambia nichague kimoja nitupe kingine, aje na sababu nzuri kuliko ile ya shemeji. Na nasikia siku hizi ukibandika kikaratasi pale palipovunjwa inarekodi tena. Atakayebandika kwenye ile ya mama tutaonana.

Basi nakuomba, usibaki na habari hii peke yako. Mpe jirani mwenye sauti ya mtu wake kwenye kitu wanachomwambia kimepitwa. Msomee na yule ambaye bado hajaanza darasa la jioni. Ila ukifika kwenye neno sahani, mweleze mapema, asije akatoa vikombe kabatini.