Gari la Shemeji na Lakiri ya Wakala

Shemeji yangu, mume wa dada, ana gari ambalo nchi nzima yako matatu tu. La kwanza liko kwa tajiri mmoja asiyelitoa nje hata mvua ikiwa imekatika mwezi mzima. La pili liliungua. La tatu liko uani kwa dada, chini ya turubai, kati ya kamba ya kuanikia nguo na pipa la maji. Ni gari la mbio la zamani, viti viwili tu, limelala chini kiasi kwamba kuingia ni kazi na kutoka ni kazi na nusu. Mimi limeshanivunja kiuno mara mbili, na bado nikienda pale naomba nipakiwe.

Watu wakiliona wanadhani Shemeji ana hela. Hana. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa fundi wa mashine za kufuma katika kiwanda cha nguo, kwenye ukumbi mmoja wenye mashine mia na ishirini zinazogonga kwa pamoja, mahali ambapo ukitaka kumwita mwenzako unamrushia kibobini cha uzi mgongoni. Gari alipewa. Meneja mmoja alikuwa nalo limekufa stoo, limefunikwa na marobota ya pamba, na siku anaondoka akamwambia, "Ukiweza kuliwasha, ni lako." Alisema kwa utani. Lakini Shemeji hajui utani kwenye mambo ya injini. Alilikokota mpaka nyumbani kwa trekta, akalifungua mpaka nati ya mwisho, na baada ya miaka minne likawaka. Dada, aliyekuwa mjamzito wa kitinda mimba wao, alitoka jikoni na mwiko mkononi akasema, "Haya, mke mwenzangu ameamka." Jina likaganda.

Tangu siku hiyo hakuna mkono mwingine uliogusa injini ile. Kila Jumamosi asubuhi Shemeji hufungua boneti, huweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini inayounguruma, mpini sikioni, kisha hufumba macho. Hapo huanza kukaza na kulegeza valvu, kidogo kidogo, mpaka aridhike. Viko vijibamba vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi ya valvu, kila gereji inavyo, na yeye pia anavyo, vipya kabisa, ndani ya pakiti yake. "Hivyo vya watu wasio na sikio," husema. Ana maringo, usiniambie hana. Ila gari lilikuwa likipita unasikia matairi tu, si kama langu mimi, ninalolipeleka gereji yoyote yenye kivuli.

Mwaka huu kampuni iliyotengeneza gari lile ikaweka wakala mjini. Haukupita mwezi Shemeji akaletewa barua nzuri yenye nembo. Walikuwa wamesikia habari za gari lake na walikuwa tayari kulihudumia lote, kwa vipuri halisi, kisha wampe cheti na dhamana ya miaka mitatu. Sharti lilikuwa moja tu. Wakishamaliza, injini ingepigwa lakiri, yaani muhuri wa kuifungia, na atakayeifungua zaidi ya mafundi wao, hata mwenye gari, dhamana imekufa.

"Wanataka kunifungia mlango wa nyumba yangu," Shemeji akasema, akaitupa barua juu ya meza.

Nilidhani dada angecheka. Dada ni dereva wa basi dogo la shule ya chekechea, amezoea kelele na ubishi, na siku zote alikuwa upande wa mumewe kwa mambo ya gari, hata alipokuwa akilitukana. Safari hii aliichukua barua, akaisoma yote, akaikunja vizuri.

"Lipeleke kwa wenyewe, baba. Linagonga."

"Haligongi."

"Mimi nalisikia nikiwa jikoni."

"Wewe unasikia sufuria zako."

Ukawa ndio wimbo wa nyumba ile. Nikienda asubuhi, nawakuta. Nikienda alasiri, nawakuta. Jumapili moja Shemeji akanichukua tuzunguke kidogo, na hatujafika hata kona ya pili nikasikia mwenyewe, tik-tik-tik, mfululizo, mbele ya miguu yangu, kama mtu anapiga taipu kwa hasira.

"Shemeji," nikasema, "mbona kama kuna kitu kinagonga?"

Macho yake yakabaki barabarani. Nikarudia. Akaendelea kuendesha, uso umetulia, kisha baada ya muda akaanza kunieleza habari za mafuta ya breki. Nilinuna. Nikajiambia, mzee huyu sasa kiburi kimempanda kichwani, hata kujibu watu hataki. Tuliporudi nikamwambia dada kwamba mumewe ameanza dharau. Dada alinitazama tu, akaendelea kuosha vyombo.

Mwishowe ni dada aliyemshawishi, na alimshawishi kwa kumjua. Alimwambia mumewe kwamba wakala anataka tu kuliona gari na kulipiga picha, na kwamba mafundi wao wengi hawajawahi kuliona kwa macho. Shemeji akawaza siku mbili. Siku ya tatu akalipiga polishi.

"Waone," akasema. "Kuona si kugusa."

Tulienda Jumatatu, yeye ndani ya gari lake, mimi na dada nyuma yake ndani ya langu. Pale kwa wakala sakafu ni vigae vyeupe ambavyo unaona haya kuvikanyaga. Mafundi waliacha kazi wakalizunguka gari kama harusi imeingia, na Shemeji akavimba, shingo ikanyooka, akaanza kuwahadithia habari za stoo na trekta. Injinia wao, mama mmoja wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, akamwomba aliwashe. Akaliwasha.

Tik-tik-tik. Ukumbi mzima ukasikia. Mafundi wakatazamana. Shemeji akatoa bisibisi yake ndefu, akaiweka pale anapoiweka siku zote, akafumba macho mbele ya watu wote wale, akasikiliza kwa makini kweli kweli.

"Mnasikia?" akasema huku akitabasamu. "Safi."

Na mimi, mpumbavu niliyenuna Jumapili nzima, ndipo nikaelewa. Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Miaka thelathini na moja ya mashine zile ilikuwa imekula masikio yake polepole, na yeye, aliyejengea sifa yake yote juu ya sikio, alikuwa anafumba macho kila Jumamosi na kulegeza valvu za gari alipendalo kuliko afya yake, bila kusikia anachokifanya.

Injinia hakumcheka. Alizima gari, akasogea mpaka wakawa wanatazamana, akasema taratibu na kwa sauti, "Mzee wangu, valvu zimelegea sana. Zikiachwa hivi zitakula kamshafti, chuma kinachozisukuma. Na kamshafti ya gari hili haitengenezwi tena popote. Ikifa hiyo, gari limekufa." Kisha akaweka karatasi ya dhamana juu ya boneti, na kalamu juu yake. "Sisi tutazikaza, injini tutaipiga lakiri, na wewe utaliendesha bila wasiwasi."

Shemeji akaishika kalamu. Aliitazama karatasi muda mrefu. Akisaini, gari linapona, lakini Jumamosi zake zimekwisha. Asiposaini, atalirudisha uani na kuliua kwa mikono yake mwenyewe.

"Siisikii," akasema hatimaye. Hakumwambia injinia. Alimgeukia dada. "Siisikii injini, mke wangu. Tangu mwaka juzi. Sikio la kushoto halisikii kitu kabisa. Hili la kulia ndilo linajikongoja. Niliogopa mtu mwingine akifungua hii boneti, atajua."

"Mimi najua," dada akasema.

"Umejuaje?"

"Ulipoacha kunibishia ndani ya gari. Mwanzoni nilifurahi."

Injinia alijifanya anafuta miwani. Shemeji akacheka, cheko lililoishia vibaya, akajifuta uso kwa kiganja chenye grisi na kuuacha mweusi. Kisha akairudisha kalamu juu ya karatasi na sauti yake ikawa ile ya fundi niliyoizoea.

"Valvu kazeni nyinyi. Kila mwaka nitalileta mzikaze. Lakini lakiri msiweke. Mafuta, plagi, breki, hizo ni zangu. Kwa hizo natumia macho na mikono, na hivyo bado ninavyo."

"Bila lakiri hakuna dhamana, mzee. Wala cheti."

"Cheti nitakitundika wapi? Kwenye kamba ya nguo?"

Injinia akatabasamu, akaichukua karatasi, akaikunja mara mbili na kuitia mfukoni mwa koti lake la kazi. Akamwambia aliache gari pale, arudi Jumatano, na akitaka anaweza kuja mapema asimame pembeni aone wanavyofanya. Jumatano Shemeji alifika kabla hata hawajafungua geti.

Sisi tulifika adhuhuri kumchukua. Gari lilikuwa limewaka, na sikusikia ila upepo wa feni. Fundi akamkabidhi Shemeji funguo mbele yetu. Usukani wa gari lile uko kulia, na kwa miaka yote hiyo dada alikuwa akikaa kushoto, kiti cha abiria, akisema yake. Shemeji akafungua mlango wa kulia, akasimama hapo, ameushikilia.

"Endesha wewe," akamwambia.

Dada akanitazama kama mimi ndiye niliyesema. Halijawahi kuendeshwa na mtu mwingine. "Mimi? Hili?"

"Wewe kaa huku," Shemeji akasema, akimsogezea kiti mbele ili miguu ifike. "Nikikaa kushoto utakuwa upande wa sikio zima. Ongea. Nimekukosa miaka miwili."